Daraja la Filimbi: Ufundi wa Wakufunzi wa Pomboo Ulivyofika Embakasi

Kazi ya kumfunza mnyama atende jambo lenye manufaa kwa binadamu, pasipo kumpiga wala kumtisha, ni ufundi wenye kanuni, historia na maadili yake, ingawa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inayojulikana kwa jumla kama Eastlands, ufundi huo hautajwi sana miongoni mwa kazi ambazo kijana anaweza kuzisomea na kuzitegemea kwa riziki. Wengi wanaposikia habari za mkufunzi wa wanyama huwaza juu ya pomboo, wale mamalia wa baharini wapendao kucheza, wanaoruka juu ya maji kwa ishara ya mkono katika akwariamu, yaani majengo yenye matangi na mabwawa ya kuwekea viumbe wa majini, yaliyoko Marekani, Ulaya, Asia ya Mashariki na nchi za Ghuba. Kenya haina bwawa la maonyesho la aina hiyo. Pomboo wake wangali huru katika maji ya Shimoni, Wasini na Watamu, na mkazi wa Kayole au Umoja anayetaka kuwaona hana budi kuteremka pwani na kupanda chombo.

Hata hivyo, maarifa yaliyokomaa kando ya mabwawa ya pomboo hayakubaki huko. Yalienea katika kazi nyingine za kufunza wanyama, yakafika kwenye vibanda vya panya buku mjini Morogoro, na kanuni hizo hizo ndizo zinazotawala kazi ya mbwa wa kunusa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, ndani ya Eastlands yenyewe. Makala haya yanaifuata safari hiyo kwa sababu moja kuu: inaonyesha kwamba kiumbe asiyeweza kulazimishwa ndiye aliyemlazimisha binadamu kujifunza namna bora ya kufunza, na somo hilo lina uzito wa pekee katika mitaa ambako mbwa wengi wangali wanafunzwa kwa fimbo na mnyororo.

Mwanafunzi asiyefungika kamba

Mwaka 1938 mambo mawili yasiyohusiana yalitokea Marekani, na miaka 17 baadaye yakakutana. La kwanza ni kufunguliwa kwa Marine Studios karibu na mji wa St. Augustine, jimbo la Florida, mahali palipojengwa kwa nia ya kupiga filamu za chini ya maji lakini ambapo baadaye pakawa mojawapo ya chimbuko la maonyesho ya pomboo. La pili ni kuchapishwa kwa kitabu cha mwanasaikolojia B. F. Skinner, The Behavior of Organisms, kilichoeleza kwa majaribio ya maabara kwamba tendo la mnyama likifuatwa mara moja na jambo analolipenda hurudiwa zaidi, na lisipofuatwa na lolote hufifia. Kanuni hiyo huitwa uimarishaji, kwa maana kwamba matokeo mema hulitia tendo nguvu kama udongo unavyoshindiliwa kuzunguka nguzo. Wahenga wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuligusa jambo hilo kwa upande wa binadamu waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa; kilichoongezwa na maabara ni kipimo cha wakati, yaani kuthibitisha kwamba tuzo inayochelewa hata kwa muda mfupi inaweza kuliimarisha tendo jingine lisilokusudiwa.

Walioyatoa maarifa hayo chuoni na kuyafanya kazi ya mikono ni Keller Breland na mkewe Marian, wanafunzi wa Skinner, ambao katika miaka ya 1940 walianzisha biashara ya kufunza kuku na wanyama wengine kwa ajili ya matangazo na maonyesho. Mwaka 1955 waliitwa Marine Studios, wakaandika mwongozo wa kufunza pomboo kwa kufuata kanuni za uimarishaji. Miaka minane baadaye, Karen Pryor alichukua kazi ya mkufunzi mkuu katika Sea Life Park, kisiwani Oahu, Hawaii, akiwa hajawahi kufunza pomboo hata mmoja, akajifunza ufundi huo kutoka katika maandishi hayo na kutoka kwa pomboo wenyewe, kisha akauandika katika vitabu vilivyosomwa na wafunza mbwa, farasi na hata walimu wa michezo.

Linalofaa kuulizwa ni kwa nini ufundi huu ukomae kwa pomboo, ilhali binadamu alikuwa amekwisha kuishi na mbwa, farasi, punda na ngamia kwa maelfu ya miaka. Jibu liko katika maji. Farasi hutiwa lijamu, ng'ombe hupitishwa kamba puani, mbwa huvutwa kwa mnyororo, na kila kifaa cha namna hiyo humwezesha mwenye mnyama kufunika upungufu wa maarifa yake kwa nguvu za mkono. Pomboo hafungiki kamba akaendelea kuogelea, hafikiki kwa fimbo, na anapochukizwa huzamia tu akaenda upande wa pili wa bwawa, akimwacha mkufunzi amesimama ukingoni na ndoo yake ya samaki. Mkufunzi aliyenyang'anywa nguvu alibaki na njia moja, nayo ni kumfanya mnyama atake mwenyewe kutenda, na ili afaulu ilimbidi ajue kwa usahihi ni tendo lipi analolituza, katika nukta ipi ya wakati, na kwa kiasi gani.

Daraja kati ya tendo na tuzo

Tatizo la kwanza lililomkabili mkufunzi wa pomboo lilikuwa la wakati. Pomboo anaporuka, kilele cha mruko wake, ambacho ndicho mkufunzi anataka kukisifu, hutokea angani, mbali na mkono unaoshika samaki. Naye atakapoufikia ukingo ili alishwe, atakuwa amekwisha kutua, kuzamia, kugeuka na kuogelea, hivyo hatajua ni lipi kati ya matendo hayo lililomletea chakula. Suluhisho lilikuwa filimbi. Mkufunzi huanza kwa kupuliza filimbi na kutoa samaki papo hapo, mara nyingi, mpaka sauti hiyo ipate maana akilini mwa mnyama. Kisha huipuliza katika nukta ile ile tendo linapofanyika vizuri, na samaki hufuata baadaye kidogo. Wakufunzi huiita sauti hiyo daraja, kwa sababu huunganisha kingo mbili, tendo upande huu na tuzo upande ule, na kuuvuka mto wa sekunde chache ulio katikati. Filimbi haimwamrishi pomboo afanye lolote. Humwarifu kwamba alilolifanya sasa hivi ndilo lililotakiwa, na tofauti hiyo kati ya amri na taarifa ndiyo kiini cha ufundi wote.

Juu ya daraja hilo hujengwa mbinu ya pili, ambayo yafaa kuitwa kufinyanga tabia, kwa kuwa hufanana na kazi ya mfinyanzi asiyekipata chungu kwa pigo moja bali kwa mguso baada ya mguso. Mkufunzi anayetaka pomboo aguse mpira uliotundikwa juu ya maji hungoja kwanza ageuze kichwa kuelekea upande wa mpira, akamtuza. Kisha humtuza kwa kusogea karibu tu, halafu kwa kuinua mdomo, halafu kwa kugusa, na kila hatua inapothibitika, ile ya nyuma yake huacha kutuzwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika kazi hii kila haba hupimwa, maana mkufunzi anayeruka hatua humkatisha mnyama tamaa, na anayekawia mno katika hatua moja humfanya aridhike hapo.

Kwamba mnyama katika mafunzo haya hufikiri, wala si mashine inayosukumwa na njaa, ni jambo lililodhihirika pale Sea Life Park katika miaka ya 1960. Wakufunzi waliamua kumtuza pomboo aliyeitwa Malia kwa tendo jipya pekee, yaani tendo ambalo hakuwahi kutuzwa kwalo siku zilizotangulia. Baada ya siku kadhaa za kurudia michezo ya zamani bila kupata kitu, Malia alianza kubuni mienendo ambayo hakuna aliyemfunza. Jaribio hilo lilirudiwa kwa utaratibu wa kisayansi na pomboo mwingine, Hou, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1969. Pomboo hao walikuwa wametambua kanuni isiyoonekana, kwamba kinacholipwa ni upya wenyewe, na utambuzi wa namna hiyo hautarajiwi kwa kiumbe anayetenda kwa hofu, kwa kuwa mwenye hofu hushikilia lile lililomwokoa jana.

Sehemu kubwa ya siku ya mkufunzi wa pomboo, hata hivyo, haionekani na watazamaji. Kabla ya onyesho lolote kuna samaki walioganda wanaohitaji kuyeyushwa, kukaguliwa mmoja mmoja na kupimwa kwa kilo, ndoo na meza za kuoshwa, vitamini za kutiwa ndani ya samaki kwa sababu kugandishwa hupunguza baadhi ya virutubisho, na daftari la kuandika kila alichokula na kukataa kila mnyama. Lililo muhimu zaidi ni mafunzo ya tiba, ambamo pomboo hufunzwa kuelea kwa utulivu na kuukabidhi mkia wake ili daktari atoe damu, akiwa huru kuondoka wakati wowote. Zamani kazi hiyo ilihitaji kupunguza maji ya bwawa na kumshika mnyama kwa watu kadhaa. Leo yaweza kufanywa kwa filimbi, samaki na mtu anayeaminika.

Panya buku wa Morogoro

Katika Afrika Mashariki, mahali ambapo kanuni hizi zimetumika kwa uwazi zaidi ni Morogoro, Tanzania. Shirika la APOPO, lililoasisiwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia huko mwaka 2000 na kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, likifunza panya buku, wale panya wakubwa wa mwituni wenye mashavu yanayobeba chakula, kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Filimbi ya pomboo hapo imegeuka kuwa kidude kidogo cha mkononi kinachotoa mlio mkavu kikibonyezwa, na samaki amekuwa kipande cha ndizi. Mafunzo yote huchukua takriban miezi 9.

Panya buku aliyefuzu huweza kupekua eneo lenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye mtambo wa kugundua chuma huweza kuichukua hata siku 4, kwa kuwa mtambo hulia kwa kila msumari na kizibo ilhali panya hujali baruti pekee; naye kwa wepesi wa mwili wake hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alitunukiwa Septemba 2020 nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, ambayo hutolewa kwa ushujaa wa wanyama, akiwa panya wa kwanza kuipokea. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amewezesha kugunduliwa kwa mabomu ya ardhini na silaha nyingine zaidi ya 100, na alifariki Januari 2022.

Mbwa wa Embakasi

Embakasi ni lango la Kenya kwa njia ya anga, na lango hupitisha mema na mabaya. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, Kenya ikateketeza tani 12 za pembe mwaka huo huo na tani 105 tarehe 30 Aprili 2016 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa iliweka adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini sheria na moto haviwezi kuona kilichomo ndani ya sanduku lililofungwa, na mtambo wa miale huonyesha umbo tu, hivi kwamba pembe iliyokatwa vipande na kuchongwa kama bangili huweza kupita machoni pa mchunguzi aliyechoka. Hapo ndipo pua inapohitajika.

Mwaka 2014 Wakfu wa Wanyamapori wa Afrika, AWF, ulianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, ukaanza kuwafunza mbwa na waongozaji wao karibu na Arusha, Tanzania, kwa ajili ya viwanja vya ndege na bandari za kanda hii. Walinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, walikuwa miongoni mwa waliofunzwa, na Embakasi pamoja na bandari ya Mombasa vikawa vituo vyao vya kazi. Mbwa hao hutafuta harufu ya pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kakakuona, mnyama mla mchwa ambaye magamba yake husafirishwa kwa magendo kwenda Asia. Pua ya mbwa inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu vinavyofika milioni 300, ilhali ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6. Tena mbwa hutenganisha harufu zilizochanganywa, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi akatambua bizari, kitunguu na nazi kila kimoja kwa nafsi yake, na ndiyo maana kuifunika pembe kwa kahawa au manukato hakumdanganyi kwa urahisi.

Njia ya kumfikisha mbwa hapo ni ile ile ya bwawani. Masanduku yanayofanana hupangwa mstari, moja likiwa na kipande cha pembe na mengine yakiwa matupu. Mbwa huachwa anuse kwa hiari yake, na katika nukta ile anaposita juu ya sanduku lenye harufu, mkufunzi hutoa ishara ya daraja na kumrushia mpira. Kwa mbwa mwenye hamu kubwa ya kucheza, mpira una thamani kupita nyama, na ndiyo sababu wakufunzi huteua mbwa wanaokipenda kitu cha kuchezea kiasi cha kukitafuta bila kukata tamaa. Baadaye masanduku matupu hutiwa chakula, sabuni na nguo zilizovaliwa, ili mbwa ajue kwamba hivyo havilipi. Na badala ya kubweka au kukwaruza mzigo, hufunzwa kuketi au kuganda kimya akielekeza pua. Ukimya huo huzuia mali ya abiria kuharibiwa, na pia humheshimu msafiri, jambo lenye uzito katika jiji lenye mitaa kama Pumwani na Eastleigh, ambamo Waislamu wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi.

Kazi yenyewe ina ugumu usioonekana. Kunusa kwa bidii humchosha mbwa kama kukimbia, na mbwa anayetweta kwa joto hupitisha hewa mdomoni badala ya puani, hivyo hawezi kunusa vizuri. Kwa hiyo hufanya kazi kwa vipindi vifupi, akapumzika kivulini na kunywa maji. Aidha, siku nyingi huweza kupita bila pembe yoyote kuonekana, na mbwa asiyepata kitu huanza kuamini kwamba mchezo umekwisha. Mwongozaji hodari huficha sampuli mahali fulani katika zamu, ili mbwa aipate, achezewe na arudi kazini akiwa na imani. Hapo panaonekana kwamba uaminifu katika kazi hii hutakiwa pande zote mbili: mnyama hutegemewa aseme kweli juu ya harufu, naye mtu hutegemewa alipe deni la mpira kila mara.

Anayefunzwa kwanza ni mtu

Mwanzoni mwa karne ya 20 jijini Berlin, Ujerumani, farasi aliyeitwa Hans alistaajabisha watu kwa kujibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato zake chini. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu. Alichokijua ni kusoma mabadiliko madogo mno ya mwili wa muulizaji, ambaye bila kukusudia alikaza shingo wakati wa kugonga na kulegea jibu lilipofikiwa. Mwenye farasi hakuwa mdanganyifu. Alikuwa mtu asiyejijua. Mwaka 2011 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis uliwahusu waongozaji 18 na mbwa wao, ukaonyesha jambo linalokaribiana na hilo: waongozaji walipoaminishwa kwamba harufu iko mahali fulani, walitangaza kwamba mbwa wameipata, ilhali haikuwepo.

Kwa mbwa wa uwanja wa ndege, kosa hilo si la kitaaluma tu, kwa sababu mwongozaji anayemshuku abiria kwa sura au mavazi yake anaweza kulipitisha shaka lake kwa mbwa kupitia kamba, na shaka la mtu likarudi likiwa limevaa heshima ya pua ya mnyama. Kinga iliyowekwa ni mazoezi ambamo mwongozaji mwenyewe hajui sampuli imefichwa wapi, ili asiwe na cha kukidokeza. Wakufunzi wa pomboo walikwisha kulijua hilo kwa njia yao, kwani pomboo anapokosea mara kwa mara swali la kwanza huwa ni kosa gani limefanywa ukingoni, si majini. Mkufunzi hujifunza kusimama vile vile, kutumia mkono ule ule, kutopuliza filimbi kwa hasira au kwa huruma, na kuandika matokeo yake bila kujipendelea. Ufundi wa kumfunza mnyama, kwa hiyo, ni nidhamu ya nafsi kabla ya kuwa mamlaka juu ya kiumbe mwingine.

Nyuma ya lango la Mbwa Kali

Kilomita chache kutoka uwanjani, katika mitaa ya Tassia, Pipeline, Kayole na Dandora, mbwa huishi maisha mengine. Kibao cha Mbwa Kali kwenye lango ni sehemu ya mandhari ya Nairobi, na mbwa anayekusudiwa na kibao hicho mara nyingi hufungwa mchana kutwa katika kona ya ua au juu ya paa la ghorofa, akafunguliwa usiku, kwa itikadi kwamba kufungwa na kupigwa kutamfanya awe mkali wa kutosha. Itikadi hiyo ina kosa la kimsingi. Mbwa anayepigwa hajifunzi ni nani mwizi. Hujifunza kwamba mkono wa binadamu ni hatari, na hofu hiyo haichagui, hata humrukia mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Hasara ya hofu hiyo huonekana hata katika afya ya umma. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbwa anayeweza kuchanjwa ni yule anayeshikika, na anayeshikika ni yule aliyefunzwa kwamba kushikwa huleta jambo jema. Pomboo anayekabidhi mkia wake kwa sindano na mbwa wa Dandora anayetulia mikononi mwa mchanjaji ni wahitimu wa somo moja, na somo hilo halihitaji bwawa wala mtambo, bali makombo ya chakula, wakati mzuri na mtu asiyekuwa na haraka ya kukasirika. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumpiga na kumtesa mnyama, lakini sheria husema tu lisilofaa kutendwa. Lifaalo hutoka katika ufundi.

Ufundi huo pia ni riziki. Tangu shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika duka kubwa la Westgate, Nairobi, mbwa wanaonusa magari kwenye malango ya maduka makubwa wamekuwa jambo la kawaida jijini, na wanaowashika ni vijana walioajiriwa kama walinzi. Wengi wao wanastahili kupewa mafunzo kamili ya kazi yao, wajue kwa nini mbwa hupumzishwa, kwa nini hufichiwa sampuli, na kwa nini mvuto mdogo wa kamba huweza kuharibu ushahidi, kwani mlinzi anayeyajua hayo si mshika kamba tu, ni fundi anayestahili ujira wa fundi.

Mpaka wa ufundi

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuusifu ufundi huu pasipo kuuliza mnyama huenda wapi kipindi cha mafunzo kinapokwisha. Pomboo aliyefunzwa kwa upole bado hurudi katika bwawa, ilhali wenzake baharini huzunguka kilomita nyingi kwa siku, wakiwinda na kusikilizana kwa sauti zinazofika mbali. Tarehe 24 Februari 2010, katika bustani ya SeaWorld huko Orlando, nyangumi muuaji, mnyama wa jamii ya pomboo, aliyeitwa Tilikum, aliyenaswa baharini akiwa mdogo, alimuua mkufunzi wake mzoefu, Dawn Brancheau, na mjadala juu ya ufungwa wa viumbe hao ukapamba moto duniani. India ilikataza mabwawa ya maonyesho ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikapitisha sheria mwaka 2019, na Ufaransa ikafuata mwaka 2021. Huko Kizimkazi, Unguja, ambako pomboo waliwahi kuwindwa ili nyama yao iwe chambo cha papa, wavuvi wengi walihamia katika miaka ya 1990 kwenye kazi ya kuwapeleka watalii kuwatazama, ingawa boti zinazowakimbiza pomboo hao zimezua lawama mpya.

Mbwa yuko katika hali tofauti, kwa kuwa jamii yake imeishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000 na hutafuta ushirika wake kwa hiari. Hata hivyo, kipimo ni kile kile: njia isiyotumia nguvu haitoshi kuhalalisha maisha yasiyomfaa mnyama, na mbwa wa kunusa anayechezewa kazini kisha akasahauliwa katika kibanda chenye joto amenyimwa nusu ya haki aliyoahidiwa. Mabwawa ya pomboo yatafungwa moja baada ya jingine, na pengine hilo ndilo jema. Maarifa yaliyopatikana humo hayana sababu ya kufungwa nayo.

Ardhi ya Embakasi inaujua vyema uzito wa jambo hili. Uwanja wa ndege uliofunguliwa hapo mwaka 1958 ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, wapiganaji na washukiwa wa Mau Mau waliotolewa kambini na kulazimishwa kuchimba na kubeba mawe chini ya bunduki. Kwa shuruti binadamu aliweza kupata barabara ya ndege kuruka na kutua, kwa gharama ambayo vizazi havijaisahau. Lakini hakuna shuruti inayoweza kupata kile ambacho mbwa hutoa leo katika uwanja huo huo, anapopita kati ya mamia ya masanduku, akasita mbele ya moja, akaketi kimya na kumwinulia mwongozaji macho, akiwa na hakika kwamba alichokisema kitasikilizwa na kwamba mpira uko mfukoni.